Kine anamshika mtoto nusu saa, mama anamshika juma lote

Juma hili tunazungumza juu ya watoto ambao mwili wao hauwatii. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu ambaye shingo haijakaza. Mtoto wa miaka mitatu ambaye miguu inajipita kama makasi kila anaposimamishwa. Mtoto anayekohoa na kutoa machozi kila akipewa buyi. Katika mitaa yetu wako wengi, lakini majirani wanawajua kwa sauti tu, kwa sababu wanashinda ndani ya nyumba, wamelala chali, tangu asubuhi mpaka jioni.

Wengi kati yao wana ulemavu ambao waganga wanauita IMC. Maana yake ni kwamba ubongo wa mtoto uliumia wakati ulipokuwa ungali unakomaa: ndani ya tumbo, wakati wa kuzaliwa, ao katika miaka ya kwanza ya maisha. Labda alichelewa kulia na hewa ikakosekana. Labda alizaliwa kabla ya wakati. Labda alikuwa wa manjano sana siku za kwanza na hakutibiwa. Wengine walipata menenjiti, ao malaria iliyopanda kichwani. Munganga mmoja wa Uingereza, William John Little, alionyesha tangu mwaka 1861 kwamba ugumu huu wa viungo unahusiana na kuzaliwa kwa shida. Basi si jambo jipya, wala si laana ya ukoo, wala si kosa la mama aliyekanyaga kitu njiani. Tena haliambukizi.

Jeraha la ubongo lenyewe haliongezeki, na hakuna sindano wala dawa inayolifuta. Lakini mwili unaweza kuharibika kila mwaka. Misuli iliyokaza bila kunyooshwa inakuwa mifupi, nyonga inatoka mahali pake, mgongo unapinda, mapafu yanajaa chakula kilichopita njia mbaya. Hayo ndiyo yanayoleta maumivu na hata kifo. Na mengi ya hayo yanaweza kupunguzwa kwa namna mtoto anavyobebwa, anavyokalishwa na anavyolishwa.

Nani anafanya nini

Katika hospitali kubwa za nchi nyingi, mtoto kama huyu anafuatwa na watu watatu. Kine anashughulika na mwili: shingo, kukaa, kusimama, kutembea. Ergo anashughulika na mikono na kazi za kila siku: kula, kuvaa, kunawa, kucheza, kuandika. Ortofoni anashughulika na kusema na kuelewa, lakini pia na jambo ambalo wengi hawajui ni lake: kutafuna na kumeza.

Kwetu, ergo na ortofoni ni wachache sana, na mara nyingi kine peke yake anafanya kazi ya wote watatu. Bukavu tuna Heri Kwetu, Goma kuna Shirika la Umoja, vituo vinavyojulikana kwa kuwahudumia watu wenye ulemavu. Lakini mama wa Kalehe ao wa Walungu atafika mara ngapi? Na mama wa Idjwi ambaye anapaswa kwanza kuvuka ziwa?

Tufanye hesabu kama vile tunavyofanya darasani. Juma lina masaa 168. Hata mama anayeishi karibu na kituo, akienda mara moja kwa juma, mtoto anashikwa na kine nusu saa. Masaa yote yanayobaki yuko na mama, bibi, dada zake na shangazi. Kama masaa hayo mtoto amelala chali na kichwa nyuma, nusu saa ya kine haiwezi kushinda. Kama masaa hayo anabebwa vizuri na anakalishwa vizuri, basi hata yule anayefika kituoni mara moja kwa miezi miwili atapata faida.

Usingoje aseme "atatembea tu"

Shirika la Afya Duniani, OMS, lilichapisha mwaka 2006 vipimo vya watoto wa nchi mbalimbali. Karibu watoto wote wenye afya wanakaa bila kushikiliwa kabla ya kupita miezi 9, na wanatembea wenyewe kabla ya kupita miezi 18. Kwa mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, hesabu kutoka siku ambayo alipaswa kuzaliwa.

Mpeleke mtoto kwenye kituo cha afya ukiona dalili hizi:

Akiwa na miezi 4, kichwa bado kinaanguka, ao mikono imefungwa ngumi wakati wote.

Akiwa na miezi 9, hawezi kukaa.

Anatumia mkono mmoja tu kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Wengine wanafurahi kusema "huyu atakuwa wa mkono wa kushoto." Lakini katika umri huo mtoto hutumia mikono yote miwili, akiuacha mmoja, huenda mkono ule una shida.

Miguu inakaza na kupitana unapombadilisha nguo, ao mwili mzima unalegea kama kikwembe kilicholoa.

Kumjua mapema hakumponyi, lakini kunampa nafasi. Waganga wameona kwamba wengi wa watoto wenye IMC wanaoweza kukaa wenyewe wakiwa na miaka 2 wanakuja kutembea, hata kama ni kwa fimbo. Wale ambao hawajakaa mpaka miaka 4 ni vigumu kutembea bila kusaidiwa. Mama ana haki ya kuambiwa ukweli huo, ili nguvu na franka zake ziende mahali zitakapozaa matunda. Kwa mtoto ambaye hatatembea, kukaa vizuri, kula bila kukohoa na kuweza kusema "ndiyo" na "hapana" ni ushindi wa kweli.

Kumwinua na kumbeba

Mtoto anayekaza hapaswi kuvutwa kwa mikono wala kuinuliwa akiwa amenyooka kama ubao. Mgeuze kwanza upande, kunja miguu yake polepole, lete mikono yake mbele, kisha umwinue akiwa amejikunja. Utahisi mwili unalegea wenyewe. Mwili unaojirusha nyuma unatulia unapokunjwa kwenye nyonga na magoti.

Wamama wa Kongo wana bahati hapa. Kumbeba mtoto mgongoni kwa kikwembe, miguu ikiwa imepanuliwa pande mbili za kiuno cha mama, ni kitu kizuri kwa mtoto ambaye miguu inapitana. Nyonga zinabaki wazi, mikono iko mbele, na mtoto anaona dunia. Ikiwa shingo haijakaza, pandisha kikwembe mpaka nyuma ya kichwa. Akiwa mkubwa, mbebe kwenye ubavu, miguu imepanuliwa, na ubadilishe ubavu ili mgongo wake usipinde upande mmoja, na wako pia usiumie.

Mkono ukifungwa ngumi, usivute vidole kimoja kimoja. Kunja kwanza kiwiko cha mkono wake, yaani pale kiganja kinapoungana na mkono, kielekee chini. Vidole vitaanza kufunguka. Pitisha pia kidole chako upande wa nje wa mkono wake, toka kwenye kidole kidogo kwenda juu. Fanya hivyo kabla ya kumpa kijiko ao kitu cha kucheza.

Kiti ambacho seremala wa mtaa anaweza kutengeneza

Kabla ya kiti, kona ya nyumba inatosha. Mkalishe mtoto pale kuta mbili zinapokutana, weka vikwembe vilivyokunjwa pande zote mbili, na kingine kati ya magoti ili yasibanane. Kona inasukuma mabega mbele kidogo, na mikono inakuja mahali anapoweza kuiona.

Ukienda kwa seremala, mpe vipimo vya mtoto wako, si vya mtoto mwingine. Pima toka nyuma ya matako mpaka nyuma ya goti, kisha utoe upana wa vidole viwili: huo ndio urefu wa ubao wa kukalia. Pima toka nyuma ya goti mpaka kisigino: hicho ni kimo cha kiti. Akikaa, nyonga zikunjwe kama pembe ya sanduku, magoti vilevile, na nyayo zote mbili zikanyage chini. Miguu isiyogusa kitu inamfanya akaze na kuteleza. Mkanda laini upite juu ya nyonga, si juu ya tumbo. Meza ndogo mbele yake, kimo cha viwiko, itampa mahali pa kuegemea mikono.

Lakini hata kiti kizuri sana hakimfai mtoto siku nzima. Badilisha mkao wake angalau kila masaa mawili: kiti, kisha mgongoni kwa mama, kisha kulala kwa ubavu na mikono miwili ikikutana mbele, kisha kwa tumbo juu ya mto uliokunjwa ili ajifunze kuinua kichwa. Hapo usimwache peke yake. Kumsimamisha pia ni muhimu, lakini mwulize kine kwanza namna na muda.

Kulisha: hapa maisha yako hatarini

Tungependa wamama wasome sehemu hii mara mbili. Watoto wengi wenye IMC hawaui na ulemavu wenyewe. Wanauawa na nimonia na njaa. Chakula kinaingia kwenye njia ya hewa kidogo kidogo, mapafu yanaoza, na mtoto anapungua uzito huku mama anapika kila siku.

Usimlishe kamwe akiwa amelala chali. Usimlishe kichwa kikiwa kimerudi nyuma. Jaribu wewe mwenyewe: inua uso wako utazame mabati, kisha umeze mate. Unaona ugumu? Mtoto wako anafanya hivyo kwa kila kijiko. Mkalishe wima, kidevu kishuke kidogo kuelekea kifua, nawe ukae mbele yake, macho yako yakiwa usawa wa macho yake. Ukisimama juu yake, ataitazama sura yako na kichwa kitarudi nyuma tena.

Tumia kijiko kidogo, kisichojaa. Kilete kutoka mbele, kigandamize kidogo katikati ya ulimi, ngoja midomo ifunge, kisha ukitoe moja kwa moja. Usipangusie chakula kwenye meno ya juu, kwani hapo anakaza na kurudisha kichwa. Ngoja amalize kumeza kabla ya kijiko cha pili. Kama taya inafunguka hovyo, weka kidole cha kati chini ya kidevu na kidole cha shahada chini ya mdomo wake, umsaidie kufunga bila kubana.

Maji na chai vinapita haraka kuliko koo lake linavyoweza kujitayarisha. Buyi nzito, ndizi iliyopondwa, fufu laini iliyochanganywa na mchuzi ni rahisi zaidi kumezwa. Kwa kunywa, chukua gobele ya plastiki laini, ukate upande mmoja kama nusu mwezi ili pua yake iingie pale. Utashangaa jinsi anavyokunywa bila kuinua kichwa. Lainisha vizuri mahali ulipokata.

Chakula kidogo kinapaswa kuwa na nguvu nyingi. Ongeza kijiko cha mafuta ya mawese, karanga zilizosagwa sana, avoka, unga wa sambaza. Mlo usipite nusu saa. Akichoka anaanza kukosea kumeza. Afadhali mara tano kidogo kidogo kuliko mara mbili kwa machozi. Baada ya kula abaki wima nusu saa.

Wengine wanaziba pua ya mtoto ili afungue mdomo na kumeza. Tunawaomba, tuache. Ni kumsukumia chakula ndani ya mapafu. Ukisikia sauti yake imekuwa kama ina maji baada ya kula, ukiona anakohoa kila mlo, midomo inabadilika rangi, ao ana homa na anapumua haraka, usingoje soko liishe. Nenda kwenye kituo cha afya siku ileile.

Mikono inajifunza katika kazi za nyumbani

Mtoto hahitaji vitu vya kuchezea vya duka. Kuvaa ni somo la kila siku. Anza na mkono ulio mgumu unapomvalisha, na uutoe wa mwisho unapomvua. Mwambie jina la kila kiungo, umpe nafasi ya kusukuma mkono yeye mwenyewe, hata ikichukua dakika tano.

Kijiko kinamponyoka? Funga mpini kwa kitambaa ao kwa kipande cha mpira wa ndani wa gurudumu la pikipiki mpaka unene wake ujae mkono. Bakuli linateleza? Weka kitambaa kilicholowana chini yake. Wakati mnachambua maharagi ao mnatenga karanga, mkalishe pamoja nanyi, mbele ya basini, mikono yote miwili ndani. Ergo angefanya hivyohivyo kama angekuwa hapo.

Mazungumzo yanaanza kabla ya maneno

Mtoto asiyesema si mtoto asiyeelewa. Wengi wenye IMC wana akili safi ndani ya mdomo usiotii. Wengine hawasikii vizuri, kwa hiyo omba masikio yapimwe kabla ya kusema "ni mjinga."

Inua vitu viwili mbele yake: ndizi na mkate. Uliza, "Unataka nini?" Kisha ngoja. Hesabu moyoni mpaka kumi. Ubongo wake unahitaji muda huo wa kutuma jibu. Kama macho yanaelekea kwenye ndizi, amesema. Mpe ndizi, na uitaje. Tafuteni alama ya "ndiyo" na ya "hapana": kufunga macho, kuinua mkono, kutoa sauti. Nyumba nzima itumie alama moja. Baadaye chora kwenye kartoni picha za mambo anayohitaji: kula, maji, choo, maumivu, kucheza. Mtoto anayeweza kuonyesha mahali panapouma ameacha kulia bure.

Mambo ya kuacha

Usivute mguu uliokaza kwa nguvu. Msukumo wa polepole unaokaa bila kuruka ndio unaofaa. Usikubali mtoto achanjwe, achomwe ao afukiwe kwenye shimo mpaka kiunoni ili "ajifunze kusimama." Usinunue dawa ya mtu anayeahidi kuponya ubongo. Na ikiwa mtoto ana kifafa, jambo ambalo ni la kawaida kwa IMC, asikatishwe dawa zake kwa siku hata moja bila munganga kusema. Akianguka, mlaze kwa ubavu, usimtie kitu mdomoni, hata kijiko. Ikipita dakika tano, mkimbize hospitali.

Ukifika kwa kine

Mueleze maisha ya nyumbani kwako. Unachota maji wapi? Nani anabaki na mtoto unapoenda shambani ao sokoni? Mnalala wangapi kitandani? Kine asiyejua hayo atakupa mazoezi ya nyumba nyingine. Mwombe akuonyeshe mambo mawili ao matatu tu, na usiondoke kabla hujayafanya wewe mwenyewe mbele yake, akitazama mikono yako. Njoo na yule anayebaki na mtoto, hata kama ni dada wa miaka kumi na mbili.

Kazi ya kikundi

Mama peke yake hawezi. Wengi wameachwa na mabwana zao juu ya mtoto huyu, na mgongo wao unauma usiku. Kikundi kinachocheza likelemba kinaweza kupanga kwamba zamu moja iwe ya kulipia mbao za kiti. Wamama watatu wanaweza kujifunza kumlisha mtoto wa jirani ili mama yake aende ibadani ao sokoni bila wasiwasi. Wengine wanaweza kumsindikiza kwenye kituo.

Sisi walimu tunawaona watoto hawa wakifika darasa la kwanza wakiwa na miaka tisa ao kumi, ao wasifike kabisa. Masomo ya msingi katika shule za serikali yalitangazwa kuwa ya bure tangu mwaka 2019, na sheria ya tarehe 3 Mei 2022 inalinda haki za watu wenye ulemavu katika nchi yetu. Mtoto anayeweza kukaa kwenye kiti chenye vipimo vyake na kuonyesha "ndiyo" kwa macho anaweza kuandikishwa. Mkuu wa shule akisema hapana, nendeni wamama watano pamoja, siyo mama mmoja.

Kwa mkutano wa juma lijalo, kila kikundi kihesabu watoto wa mtaa wake ambao wanashinda wamelala chali ndani ya nyumba. Tuleteni hesabu hiyo, pamoja na jina la seremala aliye karibu, na gobele moja ya plastiki kwa kila mtoto. Tutaikata pamoja.